SOMO LA MWEZI: FEDHA YA WENGI IKAE MIKONONI MWA WENGI

Maandiko ya kusoma nyumbani: Matendo 6:1-6, Matendo 11:19-30, 1 Wakorintho 16:1-4, 2 Wakorintho 8:1-21, Wagalatia 6:2-5.

Lengo la somo: Kujifunza jinsi Wakristo wa kwanza walivyokusanya na kutunza msaada, ili tujue namna ya kushirikiana vema na shirika dogo linalokuja kutusaidia kujiendeleza.

UTANGULIZI



Wengi wenu mnakumbuka ile Jumapili wageni wawili wa shirika dogo la maendeleo walipokuja kanisani kwetu. Hawakuja na magari mengi. Walikuja kwa pikipiki moja, wakakaa kwenye benchi pamoja nasi mpaka ibada ikaisha. Mzee wa kanisa alipowapa nafasi ya kusema, watu walinyamaza kusikia watatupa nini: mahema, mablanketi, mbegu au mbuzi. Wakasema hawana vitu vya kugawa. Walichokuwa nacho ni mafunzo, vitabu vidogo, na sanduku moja la chuma lenye kufuli tatu. Fedha ya kuweka ndani ya sanduku tungeitoa sisi wenyewe.

Watu kadhaa walisimama wakaenda zao. Wengine walicheka wakasema, “Mkimbizi anaombwa fedha?” Sikuwalaumu. Mtu aliyeondoka nyumbani usiku na mtoto mgongoni, anayeishi kwa kadi ya chakula, ana haki ya kuuliza swali hilo. Lakini mimi nilibaki, na sababu yake nitaieleza katika sehemu ya tatu. Kwanza tufungue Maandiko.

1. KANISA LA WAKIMBIZI LILILOTUMA MSAADA

Tukisoma Matendo 11 tunaanza mara nyingi pale waamini walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, katika mji wa Antiokia. Tafadhali anza nyuma kidogo, mstari wa 19. Je, kanisa la Antiokia lilianzishwa na nani? Lilianzishwa na watu waliotawanyika kwa sababu ya mateso, baada ya Stefano kuuawa. Walikimbia kutoka Yerusalemu wakafika Foinike, Kipro na Antiokia. Kwa maneno ya leo walikuwa wakimbizi. Waliacha nyumba na jamaa, wakaingia katika nchi ya lugha nyingine.

Sasa angalia mwisho wa sura hiyo. Nabii Agabo anatangaza kwamba njaa inakuja, na njaa hiyo ilitokea siku za Kaisari Klaudio, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 41 hadi 54. Ndipo wanafunzi wa Antiokia wakaamua kuwasaidia ndugu wa Uyahudi. Kanisa lililozaliwa na wakimbizi ndilo lililotuma msaada kule ambako wakimbizi walitoka!

Tuone mambo matatu hapa. Kwanza, hawakungoja mpaka wawe matajiri. Kila mmoja alitoa kadiri ya uwezo wake. Pili, wao wenyewe walikaa na kuamua. Hakuna mtu wa nje aliyewaamulia. Tatu, fedha haikwenda na mtu mmoja. Ilipelekwa kwa mikono ya Barnaba na Sauli, ikapokelewa na wazee, nao walikuwa zaidi ya mmoja.

Kwa hiyo, mkimbizi katika Biblia si mtu wa kupokea tu. Anaweza kupokea leo na kutoa kesho, na pengine hufanya yote mawili siku hiyo hiyo.

2. KWA NINI PAULO HAKUSAFIRI PEKE YAKE?

Miaka ilipita, na Paulo akafanya mchango mwingine mkubwa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Katika 2 Wakorintho 8 anawasimulia Wakorintho juu ya makanisa ya Makedonia. Watu hao walikuwa maskini sana na tena katika dhiki, lakini walisihi wapewe nafasi ya kushiriki.

Ndugu msomaji, soma sasa mstari wa 18 mpaka 21 polepole. Paulo anaeleza kwamba pamoja na Tito anatumwa ndugu mwingine, na kwamba ndugu huyo alichaguliwa na makanisa asafiri pamoja nao kwa habari ya mchango ule. Sababu anaitoja wazi: hataki mtu yeyote apate la kuwalaumu juu ya fedha hiyo. Anataka mambo yawe mema mbele za Bwana, na pia mbele za wanadamu.

Katika 1 Wakorintho 16 alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba watu watakaopeleka kipawa chao watakuwa wale watakaowakubali wao wenyewe. Na katika Matendo 20:4 tunakuta majina ya ndugu saba waliofuatana naye, kutoka Beroya, Thesalonike, Derbe na Asia. Walimu wengi wa Biblia wanaona kwamba hao ndio wajumbe wa makanisa waliokwenda na mchango.

Fikiri jambo hili. Paulo alikuwa mtume. Aliumizwa na kufungwa kwa ajili ya Injili. Kama kuna mtu aliyestahili kuaminiwa na mfuko wa fedha peke yake, ni yeye. Lakini hakukubali. Hakusema, “Mungu ananijua, hiyo inatosha.” Alijua kwamba hesabu isiyoonekana na watu huleta maneno, na maneno huvunja kanisa. Nadhani alijua na jambo jingine: mtu mwema naye hujaribiwa.

3. USHUHUDA

Hapa naomba niseme habari yangu, maana somo hili nililisoma kwa machozi kabla ya kulisoma kwa kalamu.

Miaka iliyopita, katika makazi tulimokaa kabla ya kuja hapa, tulikuwa na kikundi cha familia ishirini na moja za kanisa. Kila wiki tulitoa kidogo kidogo, tukikusudia kununua mbegu za mahindi kabla ya mvua. Nilikuwa shemasi, watu waliniamini, wakanipa nitunze fedha. Niliiweka katika kopo la maziwa chini ya kitanda. Hesabu niliiandika mimi, katika daftari langu mimi. Hakuna aliyeomba kuiona, na mimi niliona hiyo ni heshima.

Usiku mmoja mtoto wetu wa tatu alishikwa na homa kali na degedege. Mke wangu alilia. Pikipiki ya kwenda hospitali ilitaka fedha, na nyumbani hatukuwa na kitu. Niliinama chini ya kitanda. Nilisema moyoni, “Nitarudisha nikiuza maharage.” Ilikuwa shilingi elfu tisini kwa jumla, pamoja na dawa na siku tatu za kulala kule. Mtoto alipona, Bwana asifiwe.

Lakini mvua ya mwaka ule iliwahi. Wanakikundi wakasema, tununue mbegu Jumatano hii. Maharage yangu yalikuwa bado shambani. Nilitoa sababu, nikasogeza siku, nikasogeza tena. Jumapili nzima nilihudumu madhabahuni huku nikijua. Jumatatu nikawaita na kusema ukweli.

Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Ila mama mmoja mjane, mwenye watoto watano, aliniambia, “Shemasi, ungekuja kugonga mlango usiku ule ule, tungekupa wenyewe.” Maneno hayo sijayasahau.

Nililipa fedha yote kwa misimu miwili. Lakini mbegu zilinunuliwa kwa kuchelewa, na mama yule alivuna magunia machache kuliko jirani zake waliopanda mapema. Watoto wake walikula mara moja kwa siku kwa sababu yangu. Fedha niliweza kuilipa, bali msimu hauwezi kulipwa. Kikundi nacho kilikufa.

Nilijiuliza mara nyingi: je, mimi ni mwizi? Mbele za Mungu nilitubu kama mwizi. Lakini nimejifunza pia kwamba kikundi chetu kiliniweka peke yangu na fedha ya watu wote, bila mtu wa kuniuliza, na mimi kwa kiburi nilikubali. Tulidhani kuaminiana maana yake ni kutokaguana. Ndiyo maana wale wageni walipoweka sanduku la kufuli tatu mbele ya madhabahu, sikucheka. Nilibaki nikasikiliza.

4. SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Mpango huu haukubuniwa kwetu. Ulianza mwaka 1991 katika eneo la Maradi, nchini Niger, Afrika Magharibi, ambako shirika la CARE lilifanya kazi na akina mama wa vijijini. Akina mama hao walikuwa na desturi yao ya kuchangiana, kama sisi tunavyojua likelemba na tontini. Desturi hiyo ikaongezewa utaratibu, ikaenea katika nchi nyingi za Afrika. Kule Congo vikundi hivi vinajulikana kwa jina la AVEC. Hapa Uganda watu huviita VSLA.

Utaratibu wake kwa kifupi ni huu:

(a) Watu 15 hadi 25 wanaojuana wanajiunga kwa hiari. Wanaandika sheria zao na kuchagua viongozi: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili.

(b) Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu wengine ambao si viongozi. Mtunza sanduku analala na sanduku lakini hana ufunguo. Wenye funguo wana funguo lakini hawana sanduku.

(c) Sanduku linafunguliwa mbele ya wote siku ya mkutano tu. Kila mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano. Kila hisa hupigwa mhuri katika kitabu chake, hata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri.

(d) Kuna mifuko miwili. Mmoja ni wa mikopo. Mwingine ni mfuko wa jamii, kwa ajili ya ugonjwa, msiba na shida za ghafla.

(e) Mwanachama anaweza kukopa, kwa kawaida si zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na hurudisha pamoja na faida ambayo kikundi chenyewe kimepanga.

(f) Mwisho wa mkutano fedha huhesabiwa kwa sauti, na wote huikariri jumla. Mkutano unaofuata huanza kwa kuuliza: tuliacha kiasi gani?

(g) Baada ya mwaka mmoja hivi, mikopo yote hurudishwa na fedha yote hugawanywa kwa kadiri ya hisa. Kisha wanaotaka huanza mwaka mwingine.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kikundi kina watu 20, na hisa moja ni shilingi 2,000. Kama kila mtu ananunua hisa mbili kwa wiki, kwa wiki moja inapatikana shilingi 80,000. Kwa wiki 50 ni shilingi 4,000,000, yaani hisa 2,000. Tuseme faida ya mikopo imeleta shilingi 400,000 juu yake. Basi kila hisa sasa ina thamani ya shilingi 2,200, na mama mwenye hisa 100 ataondoka na shilingi 220,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Angalieni tena herufi (d). Ule mfuko wa jamii ndio mlango ambao mama mjane alisema ningeugonga. Kama tungekuwa nao, mtoto wangu angetibiwa na mbegu zingenunuliwa. Na angalieni herufi (b). Kufuli hizo hazikuwekwa kwa sababu ya mwizi peke yake. Zinamlinda pia mtu mwema katika usiku wake mbaya.

5. SHIRIKA DOGO HUFANYA NINI?

Wengine watauliza, kama fedha ni yetu na kazi ni yetu, shirika linafanya nini? Shirika linaleta mafunzo. Mwalimu wake huja mara nyingi mwanzoni, kila mkutano. Baadaye huja mara chache. Mwishoni huja kuangalia mgawanyo wa kwanza tu, kisha kikundi kinatembea chenyewe. Kazi yake nzuri inajulikana siku asipokuja, kama mkutano unaendelea.

Tusidanganyane, sanduku si badala ya chakula. Hapa Uganda mgao wa WFP kwa wakimbizi ulipunguzwa mwezi wa Aprili 2020 ukawa asilimia 70, na Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Mwaka 2023 familia zikapangwa katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na wengine walitolewa katika orodha. Mzee asiye na nguvu, yatima na mgonjwa hawawezi kuambiwa wanunue hisa. Hao wanahitaji kulishwa, na ni halali kuendelea kuwaombea na kuwasemea mbele ya wakubwa.

Mtume Paulo anaunganisha mambo hayo mawili katika Wagalatia 6. Mstari wa 2 unatuagiza tusaidiane kubeba mizigo. Mstari wa 5 unasema kila mtu atabeba wake. Wengine huona mistari hii inapingana, lakini katika Kigiriki Paulo ametumia maneno mawili tofauti. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu; la pili ni furushi ambalo msafiri hubeba mwenyewe. Shirika la busara hutusaidia kuinua uzito, na halitunyang’anyi furushi.

Tena shirika dogo si lazima litoke mbali. Majirani zetu wa makazi ya Kyangwali, upande wa Ziwa Albert, wanajua habari ya COBURWAS. Ilianzishwa mwaka 2005 na vijana wakimbizi wenyewe, na jina lake limetungwa kwa herufi za Congo, Burundi, Rwanda, Uganda na Sudan. Waliona watoto hawasomi. Walianza kwa mikono yao, na marafiki wa nje walikuja kuungana nao baadaye. Ikapatikana shule ya msingi, na vijana wengi wakasaidiwa kuendelea na sekondari. Hao nao ni kama watu wa Antiokia: waliotawanyika, waliokaa pamoja wakaamua.

6. TUANGALIE ALIYESAHAULIWA

Katika Matendo 6 kanisa la Yerusalemu lilikuwa na mpango mzuri wa kuwahudumia wajane kila siku. Hata hivyo wajane waliosema Kigiriki walisahauliwa. Mitume hawakuwagombeza walionung’unika. Waliwaambia watu wachague saba wenye sifa njema. Someni majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Upande uliosahauliwa ndio uliopewa kazi ya kugawa!

Sisi hapa tumetoka katika makabila mengi, na katika vita ambavyo wakati mwingine viliwagombanisha wazazi wetu. Tukiunda vikundi vya ndugu wa ukoo mmoja na lugha moja tu, sanduku litakuwa ukuta mwingine. Tuangalie pia mwenye ulemavu, mjane aliyefika mwezi uliopita, na jirani mwenyeji aliyetupokea. Kwake yeye hisa moja kwa wiki inaweza kuwa mlima. Kikundi kina ruhusa ya kupanga hisa ndogo.

7. MASWALI YA KUMWULIZA ANAYELETA SHIRIKA

Si kila anayekuja na karatasi ni mtu wa kweli. Wako waliokusanya “ada ya kujiandikisha” wakatoweka. Wazee wa kanisa na wazazi, kabla ya kuweka sahihi au kidole, ulizeni haya kwa heshima:

- Je, ofisi ya makazi na viongozi wetu wanawajua?
- Mnatutaka tuwalipe ninyi kitu chochote?
- Nani atashika fedha, na nani ataona hesabu?
- Je, asiye wa kanisa letu anaweza kujiunga?
- Mkiondoka, ni nini kitabaki?

Shirika la kweli halikasiriki likiulizwa. Paulo hakukasirika.

HITIMISHO

Vikundi viwili vimekwisha kuanza chini ya miti ya kanisa letu, siku ya Jumanne na Alhamisi. Mama yule mjane naye alihamia huku, na sasa yumo katika kikundi cha Alhamisi pamoja nami. Wanachama walimchagua ashike mojawapo ya funguo tatu. Mimi sishiki ufunguo. Nina kitabu changu cha mihuri tu, na usiku nalala vizuri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA FAMILIA NA VIKUNDI

1. Watu wa Antiokia walikuwa wametawanyika. Ni kitu gani sisi tunaweza kutoa, hata tukiwa hapa?
2. Kwa nini Paulo alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa wafuatane na fedha?
3. Je, katika kanisa letu kuna fedha au vitu vinavyotunzwa na mtu mmoja? Tutamsaidiaje ndugu huyo ili asiwe peke yake?
4. Nani amesahauliwa katika kijiji chetu? Taja jina lake, kisha panga nani atamtembelea.
5. Usiku ukipatwa na shida, ungegonga mlango wa nani? Na nani angegonga wako?

ZOEZI LA WIKI

Kila familia ikae pamoja jioni moja, baba, mama na watoto wakubwa, na kuandika kile kinachoingia na kinachotoka kwa wiki. Asifiche mtu. Uwazi unaanza mezani.

SALA

Ee Bwana, uliyewalinda waliotawanyika, tufundishe kutoa tukiwa na kidogo, na kupokea bila kuona haya. Uwakumbuke wanaotusaidia kutoka mbali na karibu. Utuwekee walinzi katika mambo madogo, tusianguke katika makubwa. Na siku utakapoturudisha nyumbani, turudi tukiwa watu wanaoaminika. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.